Jasho Lililosubiri Miaka Hamsini

Yapo maneno machache sana ya Kiswahili yaliyopata kuandikwa kwa herufi kubwa mbele ya majumba ya sinema ya Marekani, na mojawapo ni hili letu la "hatari". Mwaka 1962 kampuni ya Paramount ilitoa filamu yenye jina hilo, iliyoongozwa na Howard Hawks na kuchezwa na John Wayne, Elsa Martinelli, Hardy Krüger na wengineo. Sehemu kubwa ya picha zake zilipigwa Tanganyika, katika nyika za kaskazini na huko Momella karibu na Arusha. Kisa chake ni cha watu wanaokamata wanyama wa porini wakiwa hai ili wapelekwe kwenye bustani za wanyama za ng'ambo. Anayeitazama leo hakosi kuguna aonapo jinsi wenyeji walivyowekwa pembeni katika nchi yao wenyewe. Lakini shabaha yangu si hadithi ya filamu hiyo. Nataka kuzungumza juu ya muziki wake, na juu ya watu waliokaa nusu karne wakiusubiri.

Msomaji ana haki ya kuuliza: wausubirije muziki ambao filamu yake imekwisha kuonyeshwa dunia nzima, na santuri yake imekwisha kuuzwa madukani? Hapo ndipo penye kisa.

Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa reli, aliacha santuri zipatazo ishirini ndani ya sanduku la mbao, na moja kati ya hizo ilikuwa ya "Hatari!", iliyotolewa na kampuni ya RCA Victor mwaka ule ule wa 1962. Mtunzi wake ni Henry Mancini. Hapana shaka wasomaji wengi wanaufahamu wimbo mmoja wa santuri hiyo hata kama hawajui jina lake: ule wa matembezi ya watoto wa ndovu, wenye sauti ya kuchekesha na mdundo unaoyumba kama mtoto aliyeanza kutembea jana. Sisi watoto wa nyumba ile tuliucheza mpaka sindano ya gramafoni ikawa butu. Nilipokuwa mtu mzima nikaitazama filamu yenyewe kwa utulivu, nilitega sikio nikatambua jambo: muziki uliomo ndani ya filamu si ule wa kwenye santuri. Vipande vingine vilikuwa vimepigwa kwa namna nyingine, na vingi havikuwamo katika santuri kabisa.

Siri yake ni hii. Kwa desturi ya Mancini na kampuni yake, muziki wa filamu ulipokwisha kurekodiwa studioni kwa ajili ya picha, yeye aliingia studio nyingine na kuurekodi upya kwa ajili ya santuri. Alichagua nyimbo nyepesi zenye kupendeza masikio ya wanunuzi, akaacha ule muziki mzito unaobeba hofu, mbio na huzuni za kisa. Santuri hizo ziliuzwa sana na kumpa jina kubwa. Lakini katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1989, Mancini alieleza kwamba jina hilo halikumfurahisha kabisa, kwa sababu watu walimdhania kuwa ni mtunzi wa mambo mepesi tu, hali kazi yake iliyo nzito ilikuwa imebaki kabatini.

Na kazi yenyewe ilikuwa na jasho ndani yake, hata jasho la kwetu. Hawks alirudi Marekani na ala za muziki alizozichukua Tanganyika. Miongoni mwake vilikuwamo kinanda cha vidole, kile ambacho ndugu zetu Wagogo hukiita ilimba, na maganda makavu marefu ya mti yenye mbegu ndani, ambayo hutoa sauti yakitikiswa. Kabla ya Mancini, kazi hiyo ilikuwa imeelekezwa kwa mtunzi mwingine mashuhuri, Dimitri Tiomkin, na Hawks alitaka muziki usiokuwa na fidla zile za kawaida, bali wenye ladha ya nchi ambayo picha zilipigwa. Hawakuelewana, na ndipo alipoitwa Mancini. Yeye alizichukua ala hizo akazichanganya na ngoma na tarumbeta za Hollywood. Tena kulikuwa na sehemu moja ya filamu ambayo Hawks alikuwa haijui aifanyie nini: Elsa Martinelli akiwaongoza ndovu wachanga kwenda kuoga. Mancini alipoitazama aliona miguu ya wale ndovu ikienda kwa mdundo, akautunga ule wimbo wa matembezi, na sehemu hiyo ikasalimika.

Basi kwa miaka hamsini wapenzi wa muziki wa filamu walijua kwamba rekodi ya kweli, ile iliyopigwa mbele ya picha, huenda ipo mahali fulani katika ghala. Waliisubiri kama watu wanavyosubiri barua.

Ili tuelewe ilikuwaje kazi kubwa namna hiyo ikakaa gizani, yatubidi turudi nyuma kidogo. Muziki wa filamu za Hollywood ulishika nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1930. Max Steiner, Mwaustria mzaliwa wa Vienna, alipoutungia muziki filamu ya "King Kong" mwaka 1933, aliwaonyesha wakubwa wa studio kwamba okestra yaweza kumfanya mtazamaji amwonee huruma hata nyani wa kutengenezwa kwa mikono. Tangu hapo kila studio kubwa ilikuwa na okestra yake, watunzi wake, na waandishi wa nota waliokesha wakinakili karatasi za wapigaji. Muziki ulipimwa kwa sekunde ili ulingane na picha. Lakini santuri za siku zile zilikuwa za kuzunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja haukuweza kubeba zaidi ya dakika nne au tano. Wauzaji hawakuona faida katika muziki usiokuwa na maneno ya kuimba. Mwaka 1942 Miklós Rózsa aliutunga muziki wa filamu ya "Jungle Book", na albamu yake, ambamo mchezaji kijana wa Kihindi aitwaye Sabu anasimulia kisa, ni miongoni mwa albamu za kwanza kabisa za muziki wa namna hiyo. "Gone with the Wind" ilitoka mwaka 1939, nayo ikapata santuri iliyoongozwa na Steiner mwenyewe mwaka 1954 tu, na hata hiyo ilirekodiwa upya.

Watunzi wenyewe hawakuwa watu wa mchezo. Wengi walikuwa wakimbizi. Franz Waxman alipigwa na Wanazi katika mitaa ya Berlin mwaka 1934, akaihama nchi. Erich Wolfgang Korngold, ambaye tangu utotoni alihesabiwa Vienna kuwa ni ajabu ya muziki, alikuwa Hollywood mapema mwaka 1938 kwa ajili ya filamu ya "The Adventures of Robin Hood". Mwezi wa Machi, Hitler akaimeza Austria. Korngold alikuwa Myahudi, na aliishi akisema kwamba filamu ile ilimwokoa maisha yake. Muziki alioutunga ulipata tuzo ya Oscar. Hata hivyo, alipofariki mwaka 1957, kazi zake za sinema zilikuwa hazijulikani sana nje ya majumba ya sinema, na wakosoaji wengi wa muziki wa hali ya juu walimcheka kwa kuzitunga.

Lililofuata ni la kusikitisha zaidi. Mwaka 1969 studio ya MGM, iliyotengeneza "The Wizard of Oz" na "Singin' in the Rain", ilipata mmiliki mpya na uongozi mpya. Uongozi huo ulitaka kupunguza gharama na kupata nafasi. Karatasi za nota za okestra, zilizolundikana kwa zaidi ya miaka arobaini, zilionekana kuwa ni takataka zinazokalia chumba. Zikapakiwa, zikatupwa jalalani na kufukiwa. Ndugu msomaji, fikiri juu ya waandishi wa nota waliokesha usiku kucha, wakilipwa kwa ukurasa, macho yakiwauma chini ya taa. Kazi ya maisha yao ilifunikwa kwa udongo pamoja na maganda ya ndizi.

Miaka mingi baadaye mwongoza okestra wa Kiingereza, John Wilson, alifanya kazi ya kuirudisha mali hiyo. Alikaa na filamu, akasikiliza kipande kile kile mara kwa mara, akaandika kwa sikio kila ala inapiga nini, chini ya maneno ya wachezaji na kelele za viatu. Mwaka 2009 okestra yake iliupiga muziki wa MGM katika tamasha la Proms la London, na watu wakashangilia kana kwamba wameona maiti amefufuka.

Sasa nataka kuligusa jambo ambalo limenitaabisha kila nilipolifikiri, kwa kuwa gazeti hili husomwa na wafanyakazi. Je, kwa nini kampuni za santuri hazikuzichukua zile kanda za asili zilizosalimika na kuziuza? Jibu moja ni chama cha wafanyakazi. Chama cha wanamuziki wa Marekani kilipatana na studio kwamba mpigaji amelipwa kwa ajili ya filamu tu. Rekodi ile ile ikitumiwa kuuza santuri, wapigaji wote walipwe tena. Okestra ilikuwa na wapigaji wengi, na malipo yao yakikusanywa pamoja yalizidi chochote ambacho wanunuzi wachache wangeweza kulipa. Mara nyingi ilikuwa nafuu kurekodi upya kwa wapigaji wachache, na mara nyingine ilikuwa nafuu zaidi kuacha kabisa.

Wapo wakusanyaji walioulaumu sana mkataba huo. Mimi siwezi kuungana nao moja kwa moja. Sisi tumewaona wapigaji wetu wa zamani wakizeeka katika vyumba vya kupanga, hali nyimbo zao zinapigwa katika kila arusi bila wao kuonja hata soda. Mwanamuziki wa Hollywood aliyesema "jasho langu lisiuzwe mara mbili kwa ujira mmoja" alisema neno la haki. Lakini hapo hapo, haki ile ilipokuwa ghali mno, kazi yake ilifungiwa, naye akakosa malipo na akakosa sifa. Mpigaji fidla wa mwaka 1940 alikufa bila mjukuu wake kuweza kumsikia. Haki ambayo haina njia ya kutekelezeka humwacha mwenye haki na mikono mitupu.

Njia ilipatikana baadaye kwa mapatano: matoleo madogo, kwa kawaida yasiyozidi nakala 3,000, yakakubaliwa yalipiwe ada nafuu. Ndipo vikachipuka vikampuni vidogo, vingine vya watu wawili watatu, vinavyotafuta kanda kwenye maghala ya studio, kuzisafisha na kuzitoa katika sidii. Jarida la Film Score Monthly, lililoanzishwa mwaka 1990 na kijana aitwaye Lukas Kendall, lilitoa takriban albamu 250 hadi lilipofunga orodha yake mwaka 2013. Nakala zilipokwisha, walanguzi waliingia. Walionunua mbili mbili wakauza moja kwa bei ya kumi. Ulanguzi hauchagui bidhaa, uwe wa sukari au wa muziki wa Rózsa.

Hata kabla ya mapatano hayo walikuwapo waliokataa kukaa mikono kifuani. George Korngold, mtoto wa Erich, alikuwa mtayarishaji wa santuri. Mwaka 1972, akishirikiana na mwongoza okestra Charles Gerhardt, aliurekodi upya muziki wa baba yake huko London, wakaanza na ule wa filamu ya "The Sea Hawk". Santuri hiyo iliuzwa kuliko walivyotazamia, ikafuatwa na nyingine za Steiner, Waxman, Herrmann na wenzao. Mtoto alimrudishia baba yake heshima, na pamoja naye kizazi kizima. Mwaka 1974 mtunzi Elmer Bernstein, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na jina na kazi za kutosha, alianzisha klabu ya wapenzi waliolipa ada ya uanachama. Kwa fedha hizo na kwa fedha zake mwenyewe alirekodi albamu 14 za kazi za watunzi wenzake hadi mwaka 1979. Hiyo ndiyo haba na haba hujaza kibaba: barua, hundi ndogo, na subira.

Nako katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, jimboni Utah, mwaka 1981 zilipokelewa hati za Max Steiner pamoja na sahani za studio alizokuwa akizihifadhi nyumbani kwake. Kutokana na sahani hizo zilitolewa albamu za rekodi zake za asili. Ule muziki wa "King Kong" nao ulifufuliwa. John Morgan aliutengeneza upya kutoka katika hati, na mwaka 1996 William Stromberg akauongoza mjini Moscow, ambako okestra nzima iliweza kulipwa bila kufilisi kampuni ndogo. Vivyo hivyo Prague. Wapigaji wa Urusi na Ucheki ndio walioirudisha sauti ya Hollywood, na wakusanyaji wa Marekani wakawalipa ujira. Mambo ya dunia hii yana mizunguko yake.

Hata hivyo, kusubiri kuna gharama ambayo fedha hailipi. Bernard Herrmann, aliyetunga muziki wa "Citizen Kane" na "Psycho", aliutunga muziki wa filamu ya "Torn Curtain" mwaka 1966, ukakataliwa na Alfred Hitchcock, na urafiki wao ukavunjika. Bernstein aliurekodi muziki huo mwaka 1977. Herrmann alikuwa amefariki Desemba 1975. Alex North aliutunga muziki wa "2001: A Space Odyssey", akaenda kuitazama filamu mwaka 1968 na kukuta haumo hata kidogo. Rafiki yake Jerry Goldsmith aliurekodi mwaka 1993. North alikuwa amefariki mwaka 1991. Wakusanyaji nao wanazeeka. Wapo waliokuwa na orodha ya filamu kumi wanazozisubiri, wakapata sita, wakazikwa.

Mwaka 2012, miaka hamsini kamili baada ya filamu kutoka, kampuni ndogo ya Intrada ya California ilitoa rekodi za asili za "Hatari!". Nilipoipata niliisikiliza pamoja na mama yangu, ambaye ni dada yake marehemu mjomba. Hakuwa na habari za mikataba wala za maghala. Alisikiliza kimya zile ngoma za mwanzo na mbio zake, na muziki wa usiku ambao santuri ya kaka yake haikuwa nao. Kisha akasema, "Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunasikiliza nusu." Akaniagiza niipige tena kuanzia mwanzo.

Wengine watasema haya ni mambo ya anasa, ya watu wenye vyumba vya kuweka santuri. Mimi nasema hapana. Mkusanyaji anayeandika barua ya ishirini kwa kampuni kuulizia kanda ya mwaka 1940 anasema jambo moja: kazi iliyofanywa na mikono ya watu isihukumiwe na mwenye ghala peke yake. Mwenye ghala huhesabu nafasi na kodi. Mwenye kusikiliza ndiye anayekumbuka kwamba ndani ya boksi lile mna watu.

Na sisi tuna maboksi yetu. Katika nyumba nyingi za mijini, juu ya kabati au chini ya kitanda, mna kaseti za arusi, za kwaya, za bendi iliyopiga katika ukumbi wa mtaa, za sauti ya babu akieleza alikotoka. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwahi kuona kanda. Kanda huoza. Zile za filamu za zamani zikianza kuharibika hutoa harufu ya siki, na zikifikia hapo mafundi wana muda mchache. Kaseti huota ukungu, na maandishi ya kalamu hufifia mpaka hajulikani aliyeimba ni nani.

Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya chakula, washeni taa na mteremshe hilo boksi. Andikeni juu ya kila kaseti jina la aliyeimba, aliyepiga, mahali na mwaka, hali wale wanaojua bado wako hai wa kuulizwa. Mpelekeeni fundi mwaminifu azinakili, moja leo na nyingine mwezi ujao kadiri mfuko unavyoruhusu. Na kama aliyeimba bado yupo mtaani kwenu, mpigieni hodi asikilize pamoja nanyi.